Ngwe ya Mgeni

Kengele ya mwisho ilipolia, saa tisa na nusu, Mgeni alifunga begi lake polepole kuliko darasa zima. Hakuwa mvivu. Alikuwa akiwapisha wenzake watoke kwanza, wawili wawili na watatu watatu, ili asionekane akitembea peke yake katikati yao. Barabara ikishakuwa tupu, naye alishika njia.

Jina la Mgeni hakupewa na wazazi. Alilipata darasani siku aliyofika, miezi minne iliyopita, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. Baba yake alifariki zamani. Mama alikuwa amepata kazi ya mkataba mbali, mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa, akamwacha kwa shangazi mpaka mwaka uishe. Shangazi alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Alisimama mezani tangu asubuhi, na aliporudi jioni miguu ilikuwa imevimba na maneno yamemwishia. Alimpenda binti wa kaka yake, hilo halikuwa na ubishi, lakini mtu aliyechoka hupenda kimyakimya.

Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, meza moja na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kila siku tangu saa kumi hadi saa moja jioni, Mgeni na ukuta huo walitazamana. Alizijua nyufa zake zote. Jumapili mama alipopiga simu, swali lilikuwa lile lile: "Umeshapata rafiki, mwanangu?" Mgeni alijibu kwamba anao tele. Simu ikikatika, alirudi dirishani.

Njia ya kwenda nyumbani ilipita nyuma ya tangi la maji, penye vitalu vya mtaa. Kila familia ilikuwa na kitalu chake chenye namba iliyopakwa rangi kwenye kigingi, na karibu vyote vilikuwa safi. Kitalu namba kumi na saba ndicho kilichotia aibu. Majani yalikuwa yamepita kimo cha mtu, na mtu akipoteza mbuzi humo angemkuta ameshazeeka.

Alhamisi moja Mgeni aliwakuta wanafunzi watatu wa darasa lake wamesimama wakikitazama kitalu hicho kama watu waliofika msibani. Wa kwanza ni msichana aliyeitwa Kapteni, kwa sababu aliongoza kila kitu, hata foleni ya bombani. Wa pili ni mvulana aliyeitwa Redio, na sababu yake utaijua ukikaa naye dakika mbili. Wa tatu ni msichana aliyeitwa Kobe. Huyo alifanya kila jambo taratibu, hata walimu walikuwa wameshazoea kukusanya madaftari kuanzia upande mwingine ili wamfikie mwisho.

Kitalu kilikuwa cha bibi yake Kapteni. Bibi alikilima miaka thelathini, mpaka mgongo ulipomkatalia, na sasa misimu miwili ilikuwa imepita bila jembe kugusa ardhi. Msimamizi wa vitalu, ambaye watoto walimwita Bwana Mipaka kwa sababu hakuachana na futi kamba yake, alikuwa ameleta onyo. Mwisho wa mwezi ujao akikuta kitalu hakijasafishwa na kupandwa, kitapewa familia nyingine. Kapteni alikuwa ameapa mbele ya bibi yake kwamba hakiendi popote.

Alimwona Mgeni akipita, akamwita. "Wewe, unajua kushika jembe?"

Mgeni alikuwa amekulia ghorofa ya tatu, na mmea pekee aliowahi kuishi nao ni ukungu wa bafuni. "Najua," akasema.

Tusimhukumu haraka. Mtu aliyetazama ukuta miezi minne, ukimuuliza kama anajua kuendesha ndege, atakuuliza iko wapi.

Redio akamkabidhi jembe kwa mikono miwili. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Huyu ana miezi minne. Sisi ndio tumechelewa." Wote wakacheka, na Mgeni pia akacheka, ingawa kicheko chake kilitoka kwa shida kwa kukosa kutumika.

Jumamosi ya kwanza walifyeka. Walisimama mstari mmoja, Redio akitangaza mapambano kati yao na majani kama mpira wa miguu, na hadi saa nane ardhi ilikuwa imeonekana. Kesho yake mama alipouliza kuhusu marafiki, Mgeni alisema anao watatu, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kutazama pembeni.

Jumamosi ya pili ndiyo ilikuwa ya kulima. Bibi alikuwa amemfundisha Kapteni utaratibu wa zamani wa kulima kwa ngwe. Walinyoosha kamba ya katani, wakachomeka vigingi, na kitalu kikagawanyika vipande vinne vilivyopimwa kwa macho tu. Kapteni alichukua ngwe ya kando ya njia, akafuata Redio, kisha Mgeni, na Kobe akawa wa mwisho penye uzio. Kila mtu alipewa ndoo.

Ndoo zilikuwa za ndago. Anayeijua ndago ameshaguna. Juu ya ardhi ni gugu dogo lenye majani membamba yanayong'aa, halina makuu. Makuu yake yako chini, vifundo vyeusi vinavyoshikana kwa nyuzi, kimoja kikimvuta mwenzake hadi kina cha kiwiko. Bibi alikuwa ametuma agizo moja tu, na Kapteni alilirudia mara tatu. Ndago haikatwi, inachimbwa. Ukiikata umeialika, na itakuja na ukoo wake.

Walianza kulima pamoja. Baada ya saa moja Mgeni alikuwa na malengelenge mawili, baada ya saa mbili yalikuwa yamepasuka. Alichimba kifundo, akavuta, uzi ukakatika, akachimba tena. Alipoinua macho, Kapteni alikuwa amevuka nusu ya ngwe yake na Redio alikuwa anakaribia. Nyuma yake alikuwa amebaki Kobe peke yake, lakini Kobe alikuwa Kobe, kila mtu alimzoea. Yeye Mgeni nani angemzoea? Aliwaza kwamba wakimwona wa mwisho watajua hajawahi kushika jembe, na wakijua hilo, Jumamosi ijayo hawatamwita. Aliuona ukuta wa dirishani waziwazi mbele ya macho yake.

Ndipo alipobadilisha mkono. Alilaza jembe, akakata ndago juu juu, akafukia mashina kwa udongo laini na kupitisha reki. Kazi iliyokuwa ya kuchimba ikawa kama ya kuchana nywele. Alimaliza kabla ya Redio. Ngwe yake ililala ikiwa nyororo kuliko zote, na Kapteni alipopita alisimama, akaitazama, akasema Mgeni ana mkono wa kulima. Maneno hayo yalimwingia kama maji kwenye koo lililokauka.

Jua lilipokaribia kuzama, kila mmoja alimwaga ndoo yake kwenye bati ili vifundo vikauke kabla ya kuchomwa. Ndoo ya Kobe ilijaa hadi ukingoni. Vifundo vya Mgeni vilifunika kitako cha ndoo tu.

"Kwangu hazikuwa nyingi," akasema kabla hajaulizwa.

Kobe aliitazama ile ndoo, kwa namna yake ya kutazama ambayo haina haraka, kisha akaanza kusambaza vifundo vyake kwenye bati. Kapteni aling'oa vigingi na kukunja kamba. Bibi alikuwa amemwambia kwamba kilimo kikiisha ngwe imekufa, shamba limekuwa moja, na hakuna tena cha kwangu wala cha kwako.

Jumanne mvua ikanyesha.

Jumamosi iliyofuata walifika na mbegu za karoti na miche ya vitunguu. Kapteni ndiye aliyetangulia, na wenzake walimkuta amesimama ukingoni mwa kitalu. Kitalu kilikuwa cheusi na safi, isipokuwa upande wa uzio, palipokuwa na zulia la kijani kibichi. Ndago ilikuwa imerudi, imenyooka, imeng'aa, na ilikuwa nene kuliko mwanzo.

Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki, na huwezi kupanda karoti kwenye ndago. Itazitoboa zikiwa changa. Redio alisema upande huo ulikuwa wa Kobe. Alimaliza wa mwisho, akasema, giza lilikuwa linaingia, na bila shaka alilipua kazi. Kobe alisema hakulipua. Redio akamuuliza ndago hii basi imetoka mbinguni?

Kapteni hakupenda kukisia. Alimgeukia Mgeni. "Wewe mlipakana naye. Mpaka wenu ulikuwa wapi?"

Mpaka ulikuwa penye mti mkavu, hatua tatu kutoka kwenye uzio. Mgeni aliujua kama alivyozijua nyufa za ukuta. Zulia lote la kijani lilikuwa upande wake. Alifungua mdomo, akawaona watatu hao wakimtazama, na kidole chake kikainuka chenyewe, kikapita mti mkavu na kuonyesha jiwe jeupe lililokuwa mbali zaidi na uzio, ili zulia lote liangukie kwa Kobe.

"Pale kwenye jiwe," akasema.

Kobe alimtazama kwa muda mrefu. Aliosha jembe lake kwenye ndoo, akalikausha kwa kitambaa kama kawaida yake, akaliegemeza kwenye uzio na kuondoka. Hata kuondoka kwake kulichukua muda, na muda wote huo Mgeni angeweza kusema neno.

Kesho yake mama alipiga simu. Mgeni alisema anao marafiki watatu, na safari hii alitazama pembeni. Jumatatu shuleni Kapteni na Redio walimwita akae nao wakati wa mapumziko. Alikaa katikati yao. Redio alisimulia kisa cha paka aliyefungiwa dukani, na kila mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Upande wa pili wa uwanja Kobe alikuwa ameketi kwenye ngazi, akila taratibu, peke yake. Mgeni hakuwahi kuwa mpweke kiasi hicho, hata mbele ya ule ukuta. Ukuta angalau haukumdhania mema.

Jioni hiyo shangazi alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mgeni alimletea taulo, akasimama nalo mkononi.

"Shangazi, ukiunguza nguo ya mteja unafanyaje?"

Shangazi alifikiri. "Namwita, namwonyesha."

"Akikasirika?"

"Hukasirika. Kwani ingekuwa yako ungecheka?" Alipokea taulo. "Ila nikimwonyesha mimi, anaikasirikia nguo. Akija kuiona mwenyewe nyumbani kwake, ananikasirikia mimi. Umeunguza nini, mama?"

Mgeni alimweleza yote, tangu jembe alilolilaza hadi kidole kilichoonyesha jiwe. Alilia katikati, akaendelea. Shangazi hakumgombeza na hakumbembeleza. Alimfuta uso kwa taulo lile lile la miguu, kwa kusahau, na wote wawili wakagundua kwa wakati mmoja, wakacheka kidogo. Kisha akamwambia jambo hilo lisipite kesho.

Baba yake Kobe alikuwa fundi baiskeli, na baada ya shule Kobe alimsaidia kunyoosha magurudumu kwenye kibanda chao. Mgeni alimkuta ameinamia gurudumu, akikaza spoku, zile njiti nyembamba za chuma, moja baada ya nyingine.

"Ndago ile ni yangu," Mgeni akasema. "Niliikata. Mpaka ulikuwa kwenye mti mkavu."

"Najua. Niliiona ndoo yako."

"Mbona hukusema?"

Kobe alizungusha gurudumu, akasikiliza. "Niliiona ndoo, sikuuona mkono ukikata. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe, tumpe muda. Mimi watu hunipa muda." Akasimamisha gurudumu. "Halafu ukaonyesha jiwe."

Mgeni akamwomba msamaha. Kobe alisema amesikia, na kwamba kusikia si kusamehe, lakini ni mwanzo. Kisha akamwambia aende kwa wenzao, maana yeye hakuhitaji kuambiwa alichokijua.

Kwa wenzao haikuwa rahisi. Redio alizimika kabisa. Alikuwa amemwita Kobe mlipuaji mbele ya watu, na sasa aibu hiyo ilikuwa yake. Kapteni alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye na Redio watapanda sehemu zilizo safi, na kipande cha kijani kina mwenyewe.

Basi Mgeni akachimba. Kila siku alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akapiga magoti kwenye ngwe yake hadi jua lilipozama. Kapteni na Redio walikuja, wakapanda vitunguu vyao, wakazungumza wao kwa wao, wakaondoka. Watu wa vitalu vya jirani walimsalimia na kupita. Hakuna aliyemlazimisha kuwa pale, na hakuna aliyemwomba abaki. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Alichimba hadi kiwiko kama bibi alivyoagiza, lakini nyuzi zilizidi kukatika, na kila uzi uliokatika ulikuwa kifundo kilichobaki chini. Jumapili, baada ya siku tano, hakuwa amefika hata nusu. Mama alipouliza siku hiyo, Mgeni alisema, "Sina rafiki kwa sasa, mama. Lakini nina kazi." Mama akamuuliza kazi gani, na wakazungumza mpaka salio likaisha.

Jumatatu alisikia mtu akipiga magoti kando yake. Alikuwa Kobe, na mkononi alikuwa na spoku kuukuu iliyokunjwa ncha na kuwa kindoano.

"Unavuta," Kobe akasema. "Uzi ukikatika umeipoteza. Fuata hivi." Akaichomeka ile spoku ardhini, akaulegeza udongo kuzunguka uzi pole pole, kutoka kifundo hadi kifundo, mpaka ukoo mzima ukatoka kama shanga kwenye kamba. Ilichukua muda wa kuchosha. Kisha akatoa mfukoni spoku ya pili, akampa.

Hawakuzungumza sana siku hiyo. Jumanne Kapteni alifika akawatazama, akaenda kwa fundi baiskeli, akarudi na spoku yake. Redio alikuja Jumatano. Alichuchumaa mbele ya Kobe, akasema maneno machache ambayo Mgeni hakuyasikia vizuri, na Kobe, baada ya kumngojesha kidogo, akamwonyesha pa kuanzia. Alhamisi redio ikawaka tena.

Jumapili ya ukaguzi duka la dobi lilikuwa limefungwa, na shangazi alikuja kuona. Aliwakuta wanapanda mistari ya mwisho ya karoti. Bwana Mipaka alifika na futi kamba yake. Alichomeka fimbo ardhini hapa na pale, na upande wa uzio akachomeka mara nne, kwa sababu habari za mtaani zilikuwa zimemfikia. Akainama, akavunja bonge la udongo kati ya vidole, akalinusa.

"Mwambieni bibi ameshinda," akasema, akaandika kwenye daftari lake na kwenda namba kumi na nane.

Kapteni alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Shangazi aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akavua viatu. Ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alitumia akiba ya wiki nzima.

"Mimi nasimama mezani peke yangu kutwa," akawaambia, "na sijioni mpweke, kwa kuwa kila nguo niliyoikunja naweza kuikunjua mbele ya mwenyewe. Huyu wangu alidhani atapata watu kwa kuficha kazi mbaya. Akawapata, na akawa peke yake katikati yenu. Jembe mtagawana, ndago mtagawana, kama mlivyofanya. Uongo haugawanyiki. Anayeubeba anaubeba peke yake, hata mkikaa kumi. Ukiutua mapema, mzigo unabaki kuwa kazi tu, na kazi watu watakusaidia."

Redio hakuweza kunyamaza muda mrefu, si maumbile yake.

"Basi jina la Mgeni limepitwa na wakati," akasema. "Tumwite Ndago. Tulimkata juu, tukamwacha, na bado anaota."

Kapteni alimtupia jicho kali, kisha akamtazama Mgeni aone kama limemuuma. Lilimuuma kidogo, na lilistahili kuuma. Lakini mgeni hataniwi. Mgeni hukaribishwa, huulizwa hali na kupishwa njia. Mtu hutaniwa na walio wake. Mgeni akacheka, na Kapteni akacheka. Kobe aliendelea kufukia mbegu, na wenzake walipokuwa wamekwisha nyamaza, ndipo yeye akaanza kucheka.

Mstari mmoja ulikuwa umebaki. Kapteni alikunjua kamba ya katani na kutupa ncha moja upande wa uzio.

"Ndago, shika huku," akasema.

Akaishika, akaivuta mpaka ikanyooka, karibu na mti mkavu, pale pale mpaka ulipokuwa.